Mwendo wa Mkaguzi

Tarehe 3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha dukani chenye mguu wa kufungwa waya, na kwamba waya bado umeshika. Mimi sijambo, kazi tu. Mashuka ya hospitali nne yanaingia hapa kiwandani asubuhi, tunayafua, tunayapiga pasi, tunayakunja, yanaondoka, na kesho yake yanarudi yaleyale yakiwa machafu. Mwaka wa saba huu. Mgongo unalalamika kidogo, lakini huku nani hana mgongo.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe unapiga kelele kama mtangazaji wa mieleka. Wenzangu wote tisa wa bwenini sasa wanajua habari za choo chako kilichoziba.

Mjomba, nina ombi. Nimepata mashine ya gemu ya zamani, sawasawa na ile yetu ya kijivu, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya mitumba. Kifuniko chake kimefungwa kwa mpira, ila inawaka. Na gemu ya mieleka ninayo, ileile. Siku niliyoiwasha na ule muziki wa mwanzo ukapiga, nilijikuta nimekaa sakafuni na mkoba bado begani. Kilichobaki ni kadi ya memori, ile inayotunza wapiganaji tuliowatengeneza. Naomba unitumie ile yenye Mkaguzi.

Unajua kwa nini. Mama hakupenda picha. Nilizonazo mimi ni za kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyeibiwa. Sauti yake sina. Lakini Mkaguzi alimtengeneza mwenyewe, ile Jumapili tuliyomlazimisha mpaka akakaa na sisi. Akachagua koti la bluu kama la stesheni, kofia, viatu vyeusi. Halafu tukafika kwenye mwendo wa kuingilia ulingoni, akatupitisha aina zote, moja moja, mpaka akaona yule anayetembea taratibu, mikono nyuma, anageuza kichwa kulia, kisha kushoto. Akasema, "Huyu. Huyu ndiye anayejua kazi." Miaka ishirini na nane alikagua tiketi kwenye mabehewa kwa mwendo huohuo. Duniani hakuna kitu kingine kilichobaki kinachotembea kama mama yangu.

Mwezi ujao anatimiza miaka miwili kaburini. Kumzika sikuja, unajua walininyima ruhusa. Basi angalau nimwone anatembea.

Mpwa wako,
Mwamuzi


Tarehe 27 Februari

Mwamuzi wangu,

Marahaba mwanangu. Kiti kipo, waya upo, mwenye kiti ndiye sina hakika naye. Choo kimezibuka, waambie hao wenzako tisa walale bila wasiwasi.

Duka nimelipumzisha kidogo. Televisheni za siku hizi ni nyembamba kama sinia, zikiharibika watu wanatupa, hawatafuti fundi. Enzi zetu seti moja inabebwa na wanaume wawili, na fundi anaamkiwa na mtaa mzima. Unakumbuka wateja walivyokuwa wanakuja Ijumaa kulalamika mbona seti zao haziishi kutengenezwa? Nawaambia, "Bado iko kwenye majaribio." Na kweli ilikuwa kwenye majaribio, Jumamosi saa tisa mchana, mieleka inapoanza!

Seti sita kwenye rafu. Ya kwanza watu wote wa kijani. Ya pili picha inapanda juu, inapanda juu, haichoki. Ya tatu nzuri kabisa lakini bubu. Ya nne haina picha, sauti yake kama redio ya mkuu wa wilaya. Basi tunatazama ya tatu, tunasikiliza ya nne, na wewe uko chini na vile vikaptula vyako unapiga sakafu, moja, mbili, tatu! Nikakuita Mwamuzi, na jina likakuganda hadi leo.

Na mama yako je? Anatoka zamu, anasimama mlangoni na mkoba begani. "Watu wazima na chupi hadharani, hamna haya? Nakaa dakika mbili tu." Hakai. Anasimama pambano zima. Siku ile uliyorudi shuleni unalia, umeambiwa mieleka wanapangana nani ashinde, mimi nilitaka kwenda kumpiga mwalimu wako. Yeye akakujibu palepale mlangoni, "Hata kama wamepangana, kuanguka wanaanguka." Ukafuta kamasi.

Ndiyo maana mimi na hiyo gemu hatuachani. Mle ndani hakuna anayezeeka. Lile jitu la ndevu lililovunjika kiuno, tukasikia baadaye linatembelea magongo, mle bado linapanda juu ya kamba na kuruka kama halijasikia habari zake lenyewe. Mimi mwenyewe nikishika pedi magoti hayaumi.

Kuhusu kadi, tutaona. Posta wanarusha mizigo kama mawe, na ile ni kitu kidogo, ni kama biskuti. Huku mvua haijanyesha. Paka wa Mwalimu jirani amezaa watano.

Mjomba wako


Tarehe 24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hongera kwa paka. Barua yako nimeisoma jikoni nikacheka peke yangu, mpishi akaniuliza nimeolewa nini.

Lakini nina maswali. La kwanza: mbona maandishi yako yamekuwa makubwa hivyo? Kurasa nne umezijaza na maneno ya ukurasa mmoja, utadhani bango la mkutano. Na mstari wa mwisho umepanda juu ya mwenzake. Unaumwa? Nijibu, usinipeleke kwa paka.

La pili: nimekuomba kadi, ukanipa jitu la ndevu. Kama unaogopa posta, basi mwite mpiga picha wa pale mtaani, uwashe mashine, Mkaguzi aingie ulingoni, ampige picha ya kutembea kwenye simu yake. Nusu dakika inatosha. Nimeshindwa kuelewa ugumu uko wapi.

Mwenzangu mmoja wa zamu ana gemu mpya ya mieleka, akanialika nicheze. Mjomba, jasho linaonekana! Mishipa ya shingo inaonekana. Wapiganaji mamia. Ila kabla hujapigana unangoja, unasoma, unakubali, unangoja tena, na mikono yangu ilikuwa imeshachoka na mashuka. Nilimpiga mtu nisiyemjua, akanipiga, nikamshukuru mwenzangu nikaenda kulala. Yetu ile wapiganaji wana vichwa vya mraba, vidole vimeshikana kama wamevaa soksi za mikono, lakini ukibonyeza, mtu anaanguka.

Mimi nimehamishiwa upande wa taulo ndogo kwa muda. Si kitu. Mashuka mazito watainua wengine.

Nangoja jibu kuhusu Mkaguzi. Jibu, si hadithi.

Mwamuzi


Tarehe 2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Utaona mistari imenyooka leo. Nimekata boksi la kadibodi, nikatoboa nafasi ndefu za mistari, naliweka juu ya karatasi na kalamu inatembea ndani ya uwazi. Fundi ni fundi.

Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza mara tano. Mara nne nimeandika habari za paka.

Macho yangu yameharibika. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na tangu mwaka juzi nilikuwa nadanganya kwamba ni vumbi la dukani. Duka halikupumzika, nilichoma waya usiohusika kwenye seti ya mtu, moshi ukatoka, nikafunga mlango. Wameniandika kwenye orodha ya upasuaji. Ndiyo hivyo. Hiyo ndiyo habari ndogo.

Habari kubwa ni kwamba Mkaguzi hayupo.

Desemba nilikukumbuka sana. Nikasema, nitamtengeneza Mwamuzi wangu, asimame na mama yake upande mmoja, wapigane wawili dhidi ya wawili. Skrini nilikuwa naiona kama kupitia kioo cha bafuni. Nikasema, kwani mimi nahitaji kuona? Vitufe navijua kwa kichwa. Chini mara mbili, kubali, chini mara moja, kubali. Nikadhani niko kwenye nafasi tupu. Kumbe niko kwenye nafasi yake yeye. Nikatoa kofia. Nikatoa koti, nikaweka fulana nyekundu, ile yako uliyoivaa mpaka ikatoboka kwapani. Nikaweka nywele za kusuka. Nikabadilisha sura, nikaandika jina lako. Mashine ikaniuliza swali, maneno siyaoni, nikajibu ndiyo. Mimi! Miaka arobaini nawafokea watu wasibonyeze wasichokisoma.

Nikaenda kwenye orodha kumtafuta, nikabandika pua kwenye kioo. Yupo Mwamuzi. Mkaguzi hayupo. Nimeipekua orodha siku nzima, macho yakatoa machozi, mengine ya ugonjwa na mengine sijui. Nikazima, nikafunika mashine kwa taulo, na tangu siku hiyo sijaiwasha.

Wewe ulipoandika kuomba kadi, nilikaa na barua yako mapajani mpaka chai ikapoa. Dada yangu ni mmoja tu niliyekuwa naye. Nimemfuta kwa mkono wangu, na ni mali yako niliyofuta. Nisamehe ukiweza, usipoweza ninaelewa.

Mjomba wako


Tarehe 9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Naandika kwa penseli, herufi za kubana, kwa sababu karatasi ni hii moja na maneno ni mengi. Pole kwa macho. Nimekasirika kwamba umenificha, lakini hilo tutagombana siku nyingine.

Umemfuta. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaenda kazini, nikakunja taulo zote kinyumenyume, msimamizi akanirudishia kikapu kizima. Wiki mbili nimekuchukia. Nakwambia tu ukweli. Nilikuwa nikiona wazee wanashikwa mkono kuvuka barabara nasema, mwache adondoke.

Halafu hasira ikaisha, nikabaki nimechoka, na kwenye huo uchovu nikaona kwamba mtu aliyejieleza ni wewe, na mimi bado nimekaa kimya.

Mjomba, ruhusa sikunyimwa. Msimamizi alinipa siku kumi siku ileile ulipopiga. Nikafunga begi. Nikafika stendi, tiketi mkononi, nikakaa kwenye benchi. Basi likaitwa, watu wakapanda. Kondakta akaniuliza, "Dada, unasafiri?" Nikamwambia nangoja mtu. Basi likaondoka na kiti changu kitupu.

Wiki sita kabla ya hapo mama aliniuliza kwenye simu ninarudi lini. Ilikuwa mara ya mia. Nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo. Nikamwambia nimechoka na hilo swali, asinipigie tena mpaka nipige mimi. Akasema, "Sawa." Unamjua mama na sheria. Hakupiga. Na mimi nikasema nitapiga wiki ijayo, nitapiga wiki ijayo, mpaka ukapiga wewe.

Ningeingiaje nyumba ile? Ningewaambia nini? Siku kumi nilikaa kwenye chumba cha gesti karibu na stendi, nikatazama ukuta. Nikarudi kazini, watu wakanipa pole ya safari, nikapokea.

Ndiyo maana nilimtaka Mkaguzi. Nilitaka aingie ulingoni, mimi niweke pedi chini, nimwache anipige tu. Ni upuuzi, najua.

Sijamwambia mtu. Ni wewe tu.

Mwamuzi


Tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Barua imefika. Nimeona shikamoo, nimeona "Umemfuta", yaliyobaki yote ni mchwa wanatembea kwenye karatasi. Nimeisogeza dirishani, nimewasha tochi, nimetumia ile lenzi ya dukani. Mchwa.

Mwalimu jirani alijitolea kunisomea. Nikamwambia hapana. Sijui umeandika nini, lakini mtu akibana herufi namna hiyo hajaandika habari za hali ya hewa. Nadhani umenitukana, na una haki. Nitayasoma matusi yangu mwenyewe. Nimeiweka kwenye droo ya bisibisi.

Jicho la kulia watalifanya tarehe 22 Julai. Mwalimu atanisindikiza. Nina hofu kidogo, nakwambia wewe tu.

Mjomba wako


Tarehe 6 Julai

MJOMBA SHIKAMOO.

NAANDIKA KUBWA ILI UONE.

ILE BARUA ICHOME. USIISOME. NILIKUWA NIMECHOKA. HAKUNA MATUSI. MIMI SIJAKASIRIKA TENA.

UPASUAJI UWE SALAMA. USIBISHANE NA DAKTARI.

MWAMUZI


Tarehe 19 Agosti

Mwamuzi wangu,

Marahaba, marahaba! Naona! Jicho moja tu kwanza, la pili watalifanya mwezi wa kumi, lakini hilo moja, mwanangu, linaona mpaka aibu. Nimegundua kuta za duka si nyeupe. Nimegundua Mwalimu amezeeka sana, na yeye akaniambia nijitazame kwanza kwenye kioo. Kadibodi nimetupa, kama unavyoona mwandiko umerudi.

Sikuichoma. Ulipoandika nisisome kwa herufi za bango, ndipo nilipojua lazima nisome.

Nimeisoma mara mbili. Sasa nisikilize. Nilijua.

Siku ya tatu ya msiba simu ya dukani ililia. Namba yangu ndiyo uliyoandika kazini kwako. Ni msimamizi wako, mtu mstaarabu sana, anatoa pole, anauliza kama umefika salama maana hujapiga. Watu wa msiba wamejaa mpaka dukani. Nikamwambia, amefika, amelala, amechoka na safari. Nilimdanganya kwa ile sauti yangu ya mtangazaji, nadhani alisogeza simu mbali na sikio. Watu wakaniuliza nani huyo, nikasema ni mteja anaulizia seti yake. Kwa hiyo uongo huo tumebeba wawili, wewe upande wako na mimi upande wangu, miaka miwili na zaidi, na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kwa nini sikukwambia? Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nilichoka kungoja, lakini ningefanya nini.

Na jambo jingine, sikwambii ili ulie. Mama yako kwenye zile wiki sita alikuwa anachaji simu yake kila asubuhi kwenye soketi yangu ya dukani, kwa sababu ya nyumbani ilikuwa inalegea. Nikamuuliza, "Mbona unaichaji kila siku na humpigii mtu?" Akasema, "Nimeambiwa nisipige. Sijaambiwa nisipokee." Hakuwa na hasira. Alikuwa anacheka, tena alisema umerithi ukali kwake. Ndivyo ilivyokuwa, siongezi neno.

Jana mchana nikatoa taulo kwenye mashine. Nikasema, nina jicho sasa, nitazame vizuri nilichokiharibu. Nikamchagua Mwamuzi niliyemtengeneza nikiwa kipofu. Samahani sana. Jicho moja liko juu ya lingine, nywele zimelala upande mmoja kama zimepigwa na mlango, na fulana ni ya pinki, nyekundu sikuifikia. Nikacheka. Muziki ukaanza, pazia likafunguka, nikangoja atoke kwa ule mwendo wa kawaida wa mashine.

Mwanangu, mikono ilikuwa nyuma.

Akatembea taratibu. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akafika kwenye kamba, akasimama. Sura nilibadilisha, nguo nilibadilisha, jina nilibadilisha. Ukurasa wa mwendo sikuufikia kabisa. Macho yaliniuma siku ile, nikajibu ndiyo, nikazima. Kumbe huo umebaki wake uleule, ila sasa unatembea na wewe.

Mwalimu akaingia kuomba bisibisi. Unakumbuka alivyokuwa anamwogopa mama yako kwenye treni ya asubuhi. Akasimama mlangoni, akaitazama skrini. Nilimwona ametia mkono mfukoni, anapapasa, anatafuta tiketi.

Kadi sitakutumia, na sasa si kwa uongo. Nimeiacha mle mle ndani ya mashine na sigusi kitufe chochote. Omba ruhusa, wakikupa panda basi. Na ukifika stendi ukakaa kwenye lile benchi, basi likaitwa likaondoka, usirudi bwenini. Kaa hapohapo, ungoje linalofuata. Simu ninaichaji kila asubuhi.

Mjomba wako